Hukulia Msibani, Lakini Wewe Si Meursault

Mdogo wangu uliyeniandikia usiku wa manane, barua yako nimeirudia mara tatu. Unasema ulikuwa kwenye daladala, hedifoni masikioni, unasikiliza *L'Étranger*, riwaya ya Albert Camus. Ulipofika pale msimulizi wake, Meursault, anapokesha kando ya jeneza la mama yake, anakunywa kahawa ya maziwa na kuvuta sigara, macho makavu, ukashuka kituo kisicho chako. Nawe hukulia mama alipozikwa, na shangazi zako hawajakusamehe mpaka leo.

Njoo ukae hapa karibu nami.

Riwaya hii yote imesimuliwa kwa "mimi". Ukiisoma kwenye karatasi, jicho linajua huyo ni Meursault. Ukizidiwa unafunga kitabu, unapumua. Ukiisikiliza, huyo "mimi" anaingia sikioni kama wazo lako mwenyewe, wala hakungoji. Kuisikiliza si kosa: Camus mwenyewe aliisoma kwenye redio ya Ufaransa mwaka 1954, miaka 12 baada ya kuitoa. Ila umemwachia mtu mwingine aseme "mimi" kwa niaba yako.

Meursault alimweka mama yake kwenye makao ya wazee kule Marengo, na kwenda kumwona kulimharibia Jumapili yake. Kesho yake baada ya mazishi alikwenda kuogelea, jioni akaangalia sinema ya kuchekesha. Wewe umeniandikia kwamba kwa miezi minne ulimgeuza mama kitandani na kumkorogea uji mwepesi apate kumeza. Siku ya msiba ulikuwa uani unahesabu sahani za kuazima, zisije zikapotea za watu. Unafanana naye wapi?

Kinachoniuma mimi katika riwaya hii ni mahakama. Meursault amempiga Mwarabu risasi ufukweni, moja, kisha nne, lakini mwendesha mashtaka anashughulika na chozi lililokosekana mazishini. Aliyeuawa hatajwi hata jina. Ni mwandishi wa Algeria, Kamel Daoud, aliyekuja kumwita Musa katika riwaya yake ya mwaka 2013. Shangazi zako nao, tangu matanga yaanuliwe, kuna aliyekaa nawe mkamzungumzia mama?

Mimi nilimzika bibi bila chozi. Lilikuja miezi saba baadaye, sokoni, nilipokuta dagaa wamepangwa mafungu madogo madogo, vichwa upande mmoja, kama alivyokuwa akiwapanga yeye. Nililia mbele ya muuza dagaa mpaka akanipa kigoda nikae. Lako sijui litakujia lini, na sitaki ulilazimishe ili shangazi waridhike.

Riwaya usiifute. Ianze upya, safari hii nyumbani, bila hedifoni, mdogo wako akiwa pembeni. Ikifika usiku ule wa kukesha, isimamishe, mkumbushane mama alipenda chai yake iweje.