Taa za motokari ya zamani: tuone njia bila kumfunga mwenzetu macho



Usiku mmoja tulipokea katika dispanseri mzee mwuza makala. Alikuwa akisukuma kinga yake yenye mifuko mitatu pembeni ya barabara. Mguu wake ulivunjika pahali pawili. Shofere aliyemgonga ni mfanyakazi mwenzetu, mtu asiyekunywa pombe. Aliniambia: «Muganga, sikumwona. Motokari iliyokuja mbele yangu ilinifunga macho.»

Nilimsadiki. Lakini tulipokwenda kutazama motokari yake mwenyewe, taa moja ilikuwa nyekundu-nyekundu kama mshumaa, na ya pili ilielekea juu ya miti. Basi mzee yule aliumizwa na taa mbaya za motokari mbili. Ndiyo sababu leo tunajifunza habari ya taa.

JICHO LINAFANYA NINI USIKU?

Gizani mboni ya jicho inafunguka sana ili ipokee mwangaza mdogo. Mwangaza mkali ukiingia ghafula, mboni inajifunga upesi, lakini nyuma ya jicho nguvu ya kuona gizani inapotea kwa muda. Hairudi mara moja: inaweza kuchukua sekunde tano au zaidi. Tufanye hesabu. Motokari yenye mwendo wa kilometre 60 kwa saa inapita karibu metre 17 kila sekunde. Katika sekunde tano imepita zaidi ya metre 80, na mwenye usukani haoni kitu.

Kwa mtu mwenye umri mkubwa jicho linakawia zaidi. Mwenye mtoto wa jicho anaumia sana, kwa sababu mwangaza unatawanyika ndani ya jicho lake kama juu ya kioo chenye vumbi. Ukiona taa za usiku zikikusumbua kuliko mwaka uliopita, usinunue miwani ya manjano ya sokoni. Inapunguza mwangaza unaouhitaji. Njoo tupime macho yako.

KWA NINI TAA ZA ZAMANI HAZIWAKI VIZURI?

Wengi wanakimbilia kununua ampuli kubwa. Ni kama kumpa mgonjwa dawa bila kumpima. Anza hivi:

1. Osha kioo cha taa, na kioo cha mbele cha motokari, nje na ndani. Vumbi letu jekundu likishika kioo cha ndani, kila taa inayokuja inakuwa wingu jeupe.

2. Tazama kioo-kipokezi ndani ya taa, kile kinachorudisha mwangaza. Kikiwa cheusi au chenye kutu, ampuli mpya haitasaidia. Badilisha taa yote.

3. Pima umeme kwenye taa yenyewe. Ukipungua kwa sehemu moja ya kumi tu, mwangaza unapungua karibu theluthi moja. Mara nyingi ugonjwa ni waya mwembamba wa zamani, au masi yenye kutu. Safisha masi kwanza.

4. Mwombe elektrisiani aweke rele, na waya mnene mfupi kutoka batri, pamoja na fizibili yake. Hapo swichi ya zamani haibebi tena umeme wote wa taa. Kazi hiyo peke yake inaweza kurudisha mwangaza uliopotea.

AMPULI GANI?

Ampuli ya halojeni ya aina H4 ina wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa taa fupi. Inatosha. Ampuli za wati 100 zinavuta umeme karibu mara mbili: waya zinapata moto, swichi inaungua, na kioo-kipokezi kinaharibika. Ukiweka halojeni, usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanakifanya kipate moto pahali pamoja, na kinapasuka.

Siku hizi wanauza ampuli nyeupe za LED za kutia ndani ya taa ya zamani. Tujihadhari. Taa ile ilitengenezwa kwa uzi mdogo unaowaka pahali pamoja kamili. Nuru ikitoka pahali pengine, inatawanyika na kuingia machoni mwa anayekuja. Shofere anafurahi kuona weupe karibu yake, kumbe mbali haoni zaidi.

KIPIMO CHA UKUTA

Jaza pneu vizuri. Weka motokari pahali pa sawasawa, metre 10 mbele ya ukuta. Pima urefu kutoka chini mpaka katikati ya taa, chora mstari wa chaki ukutani kwa urefu ule, na mwingine centimetre 10 chini yake. Washa taa fupi. Ukingo wa juu wa mwangaza uguse mstari wa chini. Ukipita juu, zungusha skrubu mpaka ushuke. Ukibeba mifuko ya unga nyuma, pua ya motokari inapanda na taa zinapanda pamoja nayo, zishushe tena.

Sasa tazama upande. Kwetu Kongo tunapita kuume, basi mwangaza wa taa fupi upande kidogo kwa kuume, kwenye ukingo wa njia. Lakini motokari nyingi za usukani wa kuume, na malori yanayopita Kasumbalesa, yametengenezwa kwa nchi zinazopita kushoto. Mwangaza wao unapanda kushoto, machoni mwetu kabisa. Mimi mwenyewe nina motokari ya namna hiyo. Niliipima ukutani baada ya musiba ule, na niliona haya: miaka miwili nilikuwa nikiwafunga watu macho bila kujua. Dawa ni kubadilisha taa, si ampuli. Ukingoja kupata nyingine, zishushe na upunguze mwendo.

NJIANI

– Ukiona taa zinakuja, weka taa fupi mapema, usingoje mwenzako aanze.
– Akikufunga macho, usimlipize kwa taa ndefu. Vipofu wawili hawatasaidiana.
– Tazama ukingo wa kuume wa njia, punguza mwendo. Usipoona kitu, simama.
– Wenye kwenda kwa miguu: piteni upande wa kushoto, mkitazama motokari zinazokuja. Mama, mvike mtoto nguo nyeupe. Mwenye kinga, weka kirudisha-nuru nyuma.
– Wafanyakazi wa posti ya usiku: fulana yenye mistari ing'aayo isivuliwe getini, ivaliwe mpaka nyumbani. Na taa ya kofia usiielekeze usoni mwa mwenzako. Inamfunga macho kama motokari.

Mzee yule angali hospitali. Mke wake ndiye anayesukuma makala sasa. Shofere anakwenda kumwona kila siku ya Mungu, na taa zake amekwisha kuzitengeneza: masi, rele, na skrubu mbili. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Jumamosi hii, chukua chaki na kamba ya kupimia, utafute ukuta.