Kununua na Kufufua Rotaveta Kuukuu ya Pawatila

Somo hili linamhusu mlaji anayetaka kununua rotaveta iliyokwisha kutumika, yaani kile kifaa cha visu vinavyozunguka ambacho hufungwa nyuma ya pawatila ili kutifua udongo. Linamhusu pia yule ambaye anayo tayari, imelala chini ya mwembe, naye anatafakari kama inafaa kugharimiwa. Baada ya azimio la Kilimo Kwanza la mwaka 2009, pawatila zilienea katika halmashauri nyingi za Tanzania, hasa penye mashamba ya mpunga. Leo baadhi ya mashine hizo huuzwa mkono kwa mkono, zikiwa zimepakwa rangi mpya inayong'aa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi haitifui udongo. Thamani ya rotaveta imo katika ekseli ya visu, katika beringi na sili zinazoishika ekseli hiyo, na katika kasha la cheni au gia zinazoizungusha. Twamshauri mlaji avikague vitu hivi kabla bei haijatajwa, kwa maana kasoro ikigunduliwa katikati ya msimu hupotea fedha pamoja na mvua.

Ukaguzi kabla ya bei

Injini izimwe. Rotaveta iinuliwe na kuegemezwa juu ya magogo imara, kisha ifuate hatua hizi:

1. Shika ekseli ya visu kwa glavu nzito, uitikise juu na chini, kisha kulia na kushoto. Ikicheza, beringi zimekwisha au makazi yake yamelika. Beringi hubadilishwa kwa urahisi, lakini makazi yaliyolika hudai kazi ya karakana yenye mashine ya kukereza.

2. Omba nati ya kumwagia oili ilegezwe, kisha kinga oili kidogo katika glasi safi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na hiyo ni dalili kwamba sili haizuii tena tope. Chembe za chuma zinazometameta huonyesha kwamba gia au beringi zinasagika.

3. Tazama pale ekseli inapoingia katika kasha. Nyasi na waya zilizojiviringisha hapo hukata mdomo wa sili polepole, na mwenye mashine hajui mpaka oili ianze kuvuja.

4. Linganisha visu na kisu kipya kutoka dukani. Tafuta nyufa kwenye tundu la bolti na mahali kisu kinapopinda. Kisu kilichochomelewa kikataliwe: moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma, na kipande kinaweza kukatika na kuruka kikiwa kazini.

5. Chunguza vishikio vya visu vilivyochomelewa kwenye ekseli. Tundu lililokuwa la duara likiwa limepanuka na kuwa kama yai, bolti haitakaza hata ikiwa mpya.

Kasha lililopasuka na ekseli iliyopinda ni sababu mbili za kutosha kuacha biashara hiyo, isipokuwa kama vipuri hivyo vipo na bei yake inajulikana.

Hesabu ya kufufua

Bei ya muuzaji ni mwanzo tu wa gharama. Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Rotaveta inauzwa shilingi 500,000. Vipuri ni 280,000, ufundi 100,000 na usafiri 60,000. Iongezwe akiba ya 60,000 kwa kasoro itakayoonekana baada ya kasha kufunguliwa. Jumla ni shilingi 1,000,000. Kama mpya yapatikana kwa 1,200,000, mlaji ameokoa 200,000, na kwa tofauti hiyo ameacha dhamana ya dukani. Hesabu hii iandikwe kabla ya kulipa, wala isiachwe kichwani.

Kusoma namba za vipuri

Mlaji wengi huambiwa kwamba kipuri cha mashine yao hakipatikani, ilhali kipo dukani kwa jina jingine. Sili ya oili huandikwa vipimo vitatu kwa milimita: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Sili yenye alama 35-62-10 yaweza kununuliwa popote penye sili ya vipimo hivyo na umbo hilo. Vivyo hivyo beringi yenye namba 6205 ina kipenyo cha ndani cha milimita 25, cha nje 52 na upana wa 15, awe ameitengeneza nani. Safisha kipuri cha zamani, nakili namba, kisha nenda nacho dukani.

Cheni mpya isifungwe juu ya sproketi zilizolika, kwa kuwa meno yaliyochongoka huila cheni hiyo upesi. Visu navyo vina upande: vingine vimepinda kulia na vingine kushoto. Kabla ya kuvifungua, chora mpangilio wake katika karatasi. Vikirudishwa ovyo, mashine hutetemeka na kuvuta upande mmoja. Ukingo wenye makali ndio unaopaswa kuukuta udongo kwanza.

Bolti zilizoshikwa na kutu zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Fundi asikimbilie moto karibu na sili, maana mpira wake huungua, na oili iliyomwagika yaweza kuwaka.

Makubaliano na fundi

Makubaliano yaandikwe, hata kama fundi ni jirani. Yataje kazi itakayofanyika, bei ya ufundi mbali na bei ya vipuri, na siku ya kumaliza. Yaseme kwamba vipuri vya zamani vitarudishwa kwa mwenye mali na kwamba nyongeza yoyote ya gharama itaidhinishwa kwanza. Sehemu ya malipo ibaki mpaka rotaveta ijaribiwe shambani. Kuzunguka hewani hakuthibitishi chochote, kwa kuwa udongo ndio unaopima beringi na cheni. Baada ya saa moja ya kazi, zima injini, kaza bolti zote upya na utazame kama oili inavuja.

Kifuniko cha juu ya visu kirudishwe mahali pake. Visu hunasa nguo na miguu, na mwendeshaji anayerudi nyuma huku visu vikizunguka yumo hatarini kuangukiwa na mashine yake mwenyewe. Nyasi zilizonasa ziondolewe injini ikiwa imezimwa kabisa.

Haki ya mnunuzi

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi anaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo: bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Ulinzi huo una mipaka miwili. Hauwi sawa unaponunua kwa mtu binafsi asiyefanya biashara hiyo. Tena, ukiikagua bidhaa, hutaweza kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo ukaguzi wa kupitisha macho hauna faida: ama ukague kwa dhati, ama umlete fundi asiye wa muuzaji.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza upotoshaji katika biashara. Muuzaji akisema gia ni mpya, aandike hivyo kwenye hati ya mauzo. Dai risiti, tunza hati, piga picha za mashine siku ya kuipokea. Lalamiko lenye vielelezo husikilizwa kwa urahisi zaidi katika Tume ya Ushindani kuliko neno la mdomo.

Maswali ya kujipima

1. Oili ya rotaveta unayotaka kununua ina rangi gani, nawe umeiona kwa macho yako?
2. Je, unazo namba za sili na beringi zake, na bei ya kila kimoja?
3. Ukijumlisha gharama zote pamoja na akiba, unaokoa kiasi gani?
4. Muuzaji ameandika nini na kutia saini?

Asiyeweza kuyajibu yote manne bado hajawa tayari kutoa fedha yake.