KUFUNGASHA PROGRAMU ZA SEVA PEPE: FUNZO KUTOKA UFIPA

Mkulima wa uwanda wa juu wa Ufipa anaponunua mbegu bora za mahindi mjini Sumbawanga, hapimiwi punje kwa kopo kutoka gunia lisilojulikana asili yake. Hupewa mfuko uliofungwa, wenye lebo inayotaja aina ya mbegu, namba ya fungu na tarehe ya kupimwa. Lebo hiyo humwezesha mtu aliye mbali na shamba la mbegu kuamini kilichomo ndani. Programu za kompyuta nazo husafirishwa kwa kanuni hiyohiyo. Katika makala haya tutaeleza jinsi programu zinavyofungashwa na kusambazwa kwenye seva, na kwa nini jambo hilo lina uzito wa pekee kwa mkoa ulio pembezoni kama Rukwa.

Seva pepe ni nini?

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, ulioiwezesha kompyuta moja kubwa kujigawa na kuonekana kama kompyuta nyingi zinazojitegemea. Kila mojawapo ya kompyuta hizo ndiyo tunayoiita hapa seva pepe. Mfano wake ni nyumba ya kupangisha: msingi na paa ni vya wote, lakini kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake.

Seva pepe huundwa kwa dakika chache, lakini huzaliwa tupu, kama chumba kisicho na hata kiti. Kila kitakachotumika humo lazima kiletwe kutoka nje. Hapo ndipo ufungashaji unapohitajika.

Kifurushi kina nini?

Kifurushi cha programu kina sehemu tatu. Kwanza, ni mafaili ya programu yenyewe. Pili, ni lebo inayotaja jina, toleo na mtunzaji. Tatu, ni orodha ya mahitaji, yaani programu nyingine ambazo lazima ziwepo ili hii ifanye kazi. Mifumo ya Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, na Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu «utu», huhifadhi vifurushi vyake katika ghala la mtandaoni. Seva inapoagiza kifurushi kimoja, husoma orodha ya mahitaji na kuyaleta yote yanayokosekana.

Mfano wa takwimu za afya

Zahanati za Rukwa, kuanzia mwambao wa Ziwa Tanganyika hadi bonde la Ziwa Rukwa, huandika habari za wagonjwa katika vitabu vya MTUHA. Jumla zake huingizwa katika mfumo wa DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake. Mfumo uliotangulia, uliobuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ulisimikwa katika kompyuta mojamoja.

Tufikirie halmashauri nne za Rukwa, kila moja ikiwa na nakala yake. Halmashauri moja ikitumia toleo linalowatenga watoto wa chini ya miaka mitano, na nyingine toleo lisilowatenga, nani atajua ni watoto wangapi wa mkoa walioumwa malaria? Kosa hapo si la mwuguzi aliyehesabu, bali la nakala zisizolingana. Na dawa zitapelekwa pasipostahili. Kenya ilipoeneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, iliiweka kwenye seva kuu moja badala ya kusimika nakala kila wilaya. Marekebisho yakifanywa mara moja, wote huyapata.

Hata hivyo, seva kuu ikiandaliwa vibaya, wote huumia pamoja. DHIS2 huja kama faili moja, lakini huhitaji Java, Tomcat na hazinadata ya PostgreSQL. Toleo la 41 linadai Java 17. Ukiliweka juu ya Java 11, halitaanza. Kwa hiyo orodha ya mahitaji si pambo la kifurushi. Ni sharti lake.

Muhuri wa hesabu

Tutajuaje kwamba kifurushi hakikuharibika njiani? Tuchukue namba 1974, mwaka ulioanzishwa Mkoa wa Rukwa. Zidisha kila tarakimu kwa nafasi yake, kisha jumlisha: 1×1 + 9×2 + 7×3 + 4×4 = 56. Gawanya kwa 11. Baki ni 1. Baki hiyo ndiyo muhuri. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tukapata 1794, jumla ni 58 na baki ni 3. Kosa limegundulika.

Kanuni ya SHA-256 hufanya kazi kama hiyo kwa hesabu ngumu zaidi, ikatoa muhuri wa alama 64. Juu yake mtunzaji huweka saini ya kidijiti, ili mwovu asiweze kubadilisha kifurushi pamoja na muhuri wake.

Umbali na ghala la karibu

Tuchukue shule yenye kompyuta 20, na njia ya mtandao ya megabiti 2 kwa sekunde. Kifurushi cha megabaiti 300 ni megabiti 2,400, nacho kitachukua sekunde 1,200, yaani dakika 20. Kila kompyuta ikikileta peke yake, zitahitajika dakika 400, karibu saa saba. Lakini seva moja ya shule ikikileta mara moja na kuzigawia nyingine kwa waya wa ndani, njia ya nje itatumika kwa dakika 20 tu.

Umeme nao huleta shida. Kwa miaka mingi Sumbawanga iliupata kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa. Umeme ukikatika katikati ya usimikaji, mfumo mzuri wa vifurushi huwa umeandika hatua iliyofikiwa, hivyo fundi huweza kuendelea kutoka hapo bila kubahatisha.

Kijana wa Ufipa akijua kuandika lebo, mahitaji na muhuri wa kifurushi, kazi yake itaweza kusimikwa Dar es Salaam au Oslo bila yeye kusafiri. Barabara hiyo ina njia mbili. Tusiitumie kupokelea tu.

Mazoezi

1. Tafuta muhuri wa 1964 na wa 1946 kwa kanuni iliyotolewa hapo juu.
2. Tafuta namba nyingine ya tarakimu nne yenye muhuri 1. Jambo hilo laonyesha udhaifu gani wa kanuni yetu?
3. Andika lebo na orodha ya mahitaji ya jaribio moja la maabara ya kemia, ili shule nyingine iweze kulirudia bila kukuuliza neno.