Usimeze Neno Zima

Mdogo wangu wa Kinyamaseke, ujumbe wako nimeupata. Uko S.2, yaani kidato cha pili, umeingia kwenye mdahalo wa shule, na wavulana wa S.4 wanasimama wanamwaga Kiingereza kirefu mpaka ukumbi mzima unapiga makofi. Unataka dada akutumie orodha ya maneno marefu kuliko yao. Orodha ninayo, lakini kaa kwanza tuongee.

Lile wanaloringia zaidi nalijua, lina herufi 45: "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Ni ugonjwa wa mapafu wa mtu aliyevuta vumbi laini la mawe. Halikutoka hospitali. Mwaka 1935 Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenzi wa mafumbo ya maneno huko Marekani, alilitunga makusudi liwe refu, kamusi zikaja kulipokea. Madaktari wenyewe husema "silicosis" wakaendelea na kazi. Akilitamka tena huyo kaka, mpigie makofi, kisha simama kwa adabu umwombe alitumie kwenye sentensi.

Wewe una kitu ambacho Mwingereza hana. Nyumbani mnaongea Lhukonzo, ukienda sokoni Mpondwe unaongea Kiswahili. Mtu akikuambia "hatutakumbushana", huhesabu herufi. Unasikia hatu-, -ta-, kumbusha, -na, na maana imeshafika. Basi Kiingereza nacho kifungue hivyo hivyo. "Uncharacteristically" lina herufi 20 na linatisha, lakini ndani yake shina ni "character" tu, mengine ni viambishi. Chukua "agree" peke yake: linakupa agreement, disagree, disagreement, agreeable, disagreeable. Ukizijua vizuri un-, dis-, mis-, inter-, -able, -ment, -ness na -tion, utayaelewa maneno mengi ambayo hakuna mwalimu aliyekufundisha. Hiyo ndiyo orodha yangu, na ni fupi.

Sasa mchezo, maana umeniuliza pia kuhusu Scrabble, ule wa kupanga herufi ubaoni. Huko urefu unadanganya watu zaidi. Ubao una miraba 15 kwa 15, kwa hiyo lile neno la herufi 45 lingehitaji mbao tatu. Mkononi unashika kete saba tu. Ukizishusha zote kwa mkupuo mmoja unaongezewa pointi 50, ndiyo maana wachezaji wazuri wanakesha na maneno ya herufi saba na nane. Jaribu hili: shika herufi za "retina". Ongeza P upate "painter". Ongeza C upate "certain", D upate "trained", G upate "granite", M upate "minaret". Jioni moja ya hivyo ni bora kuliko kukariri ukurasa mzima wa kamusi.

Na usidharau mafupi. Wellington Jighere wa Nigeria alipotwaa ubingwa wa dunia mjini Perth, Australia, mwaka 2015, akiwa Mwafrika wa kwanza kuupata kwa Kiingereza, alimfunga Mwingereza Lewis MacKay 4–0 kwenye fainali. Wanigeria walisifika kwa kuyapenda maneno ya herufi tano: mara nyingine waliacha neno refu makusudi, wakabaki na kete nzuri mkononi kwa ajili ya zamu inayofuata. Hata kanzu anayovaa babu harusini inakubalika kwenye Scrabble, na K na Z zake zinaifanya iwe na pointi 18 kabla hujagusa mraba wa rangi unaozidisha pointi.

Lakini usichanganye mchezo na kujua lugha. Mwaka huohuo wa 2015, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa alikuwa hakijui! Alikariri maneno yao. Heshima yake namwachia, ila mtu wa Beni, kule Kongo, angemsalimia kwa Kifaransa asingekuwa na la kujibu.

Ukiniuliza maneno marefu ya kuanza nayo, nitakutuma kwenye makaratasi ya nyumbani. Fomu ya mkopo ya SACCO ina "guarantor" na "collateral". Mkataba wa kuuza shamba una "hereinafter" na "notwithstanding". Barua ya shule ina "reimbursement". Wazazi wetu wengi wanatia kidole gumba chini ya maneno hayo bila mtu wa kuwaeleza. Yajue hayo kabla ya yale ya mdahalo, usome karatasi kwa sauti, mama akisikiliza. Makofi hutapata, ila shamba linaweza kupona.

Turudi kwenye Scrabble. Ubao wa dukani ni ghali, usiwasumbue wazazi. Kusanya vizibo 100 vya soda vinavyofanana, uandike kwa rangi: E 12, A na I tisa tisa, O nane, N, R na T sita sita, L, S, U na D nne nne, G tatu, B, C, M, P, F, H, V, W na Y mbili mbili, K, J, X, Q na Z moja moja, viwili viache vitupu. K moja! Unaona wazi mchezo haukutungwa na mtu wa kwetu.

Halafu kubalianeni kamusi kabla ya kuanza, siyo katikati. Mtu akilipinga neno lako na halimo, unaliondoa na zamu imekupita. Likiwemo, mpeni adhabu aliyepinga kadiri mlivyopatana. Na kaka wa S.4 akija kucheza, mkaribishe, ila pointi andika wewe.