Mwalimu na Mtoto Aliyejeruhiwa Moyoni

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye mwalimu, karibu katika kila darasa yumo mtoto ambaye walimu wamemchoka. Wenzake wanatazama ubao, yeye anatazama mlango. Akiulizwa hajibu, akiguswa bega hushtuka au hupandwa na hasira. Huyu huitwa mvivu au mkaidi, na dawa yake hudhaniwa kuwa ni fimbo. Makala haya yanakuomba ujiulize kwanza swali moja: Je, mtoto huyu amepatwa na nini?

Tutazame mfano wa jirani zetu wa Rwanda. Kuanzia Aprili 1994, kwa muda wa siku mia moja hivi, mamia ya maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wakiwa Watutsi. Miezi kumi na mitatu hivi baada ya kuanza mauaji hayo, wataalamu waliwahoji watoto 3,030 wenye umri wa miaka 8 hadi 19. Asilimia 90 walikuwa wameamini kwamba watakufa. Asilimia 15 walijificha chini ya maiti ili waokoke. Watoto kama hao ndio waliorudi madarasani, mbele ya walimu ambao baadhi yao nao walikuwa wamefiwa. Wanyarwanda huiita hali inayompata mtu wa namna hiyo ihahamuka, yaani kukosa pumzi kwa hofu. Sisi twaweza kuiita kiwewe.

Wala isidhaniwe kwamba jambo hili ni la vita tu. Mtoto aliyefiwa na mzazi, aliyenajisiwa, au anayeona mama yake akipigwa kila usiku, naye hubeba jeraha hilo hilo.

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili wa mwanadamu uwezo wa kujihami. Hatari ijapo, moyo hudunda upesi, misuli hukaza, na akili huyaacha mengine yote ili itafute njia ya kuokoka. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini msiba ukiwa mkubwa mno, au ukirudiwa mara kwa mara, huenda mwili usitulie, bali ukabaki kama mlinzi asiyepokewa zamu. Mtoto wa hali hiyo usiku halali vema, na mchana sauti kali tu humrudisha kule alikotoka. Atajifunzaje hesabu za kugawanya? Basi anayempiga ili asome anazidisha hofu ile ile inayomzuia kusoma.

Mwalimu afanye nini?

Kwanza, aweke utaratibu usiobadilika-badilika. Vipindi vianze kwa wakati wake, na likiwapo badiliko, litangazwe mapema. Aliyezoea mabaya ya ghafula hupata nafuu akijua kitakachofuata.

Pili, aiweke fimbo chini na asiaibishe mtoto mbele ya wenzake. Kosa lisiachwe bila kurekebishwa, lakini lirekebishwe faraghani na kwa sauti ya upole.

Tatu, asimlazimishe kueleza yaliyompata. Akitaka kusema mwenyewe, asikilizwe bila kukatizwa, na siri yake isipelekwe chumba cha walimu kuwa maongezi ya chai. Lakini ikiwa mtoto yumo hatarini bado, mwalimu asimwahidi kunyamaza. Amweleze kwamba itambidi kutafuta msaada.

Nne, ampe kazi ndogo anayoiweza, kama kugawa madaftari, na amsifu aitimizapo.

Tano, ajue mpaka wake. Mtoto anayetaka kujidhuru, au asiyepata nafuu, apelekwe kwa wahudumu wa afya au wa ustawi wa jamii.

Huenda ukasema: "Nina wanafunzi themanini, na mimi si tabibu." Ni kweli. Lakini hapa huombwi kutibu. Kumsalimu mtoto kwa jina lake asubuhi hakuhitaji fedha, wala kushusha sauti hakupunguzi kipindi. Tena yale yanayomfaa aliyejeruhiwa hayawadhuru wengine sabini na tisa. Darasa zima husoma vizuri zaidi penye utulivu. Nawe mwalimu, ukilemewa na huzuni hizo, usione haya kumshirikisha mwenzako unayemwamini mzigo wako, bila kufichua siri ya mtoto.

Tukumbuke kwamba Mtume Muhammad s.a.w. alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufariki, na mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka sita hivi. Qurani Tukufu, katika Sura Adh-Dhuha, inamkumbusha uyatima huo, kisha inakataza yatima asionewe. Aliyeonja uchungu ndiye aliyekabidhiwa ulinzi wa wenye uchungu.

Kesho uingiapo darasani, mtazame tena yule mtoto anayetazama mlango. Labda anangoja kuona ni nani atakayeingia, na kama ni mtu wa kuogopwa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wasioogopwa na watoto. Amin.