Keki ya Krismasi kwa jiko la mkaa

SWALI: Sina oveni. Kila nikioka keki kwa mkaa, chini inaungua na katikati inabaki mbichi. Nifanyeje? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Dada yangu, tatizo ni moto wa chini. Keki ya mkaa huivishwa zaidi na moto wa juu. Weka makaa machache jikoni, na yaliyokolea uyapange juu ya mfuniko bapa wa bati, hasa pembeni.

Kisha tafuta mchanga. Uoshe hadi maji yatoke meupe, uanike ukauke kabisa, umwage kwenye sufuria kubwa kimo cha vidole viwili. Upashe moto dakika 10 ndipo utie chombo cha keki. Mchanga husambaza joto taratibu, kwa hiyo chini hakuungui.

Kwa keki moja: unga robo kilo, sukari robo, siagi robo, mayai 4, beking pauda vijiko 2 vya chai. Saga siagi na sukari mpaka vigeuke vyeupe. Wengi huharakisha hapa, na ndipo keki inapokuwa nzito. Ukipata machungwa ya Ukerewe, kwangua ganda la mawili, ile rangi ya nje tu, kwani nyeupe ya ndani ni chungu.

Usifunue kabla ya nusu saa. Baadaye choma katikati kwa kijiti: kikitoka kikavu, ipua. Na okea nje, maana moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua.