Nani Aulizwe? Mafunzo Niliyopata Nikiwa Mkalimani wa Hospitali, Downsview

Downsview iko kaskazini-magharibi mwa Toronto. Wazee wa hapa hukumbuka kiwanda cha ndege cha de Havilland na kambi ya jeshi, na wengi hukumbuka misa ya Papa Yohane Paulo wa Pili hapa hapa mwaka 2002. Siku hizi wengi wanaoshuka basi barabara ya Wilson, karibu na Keele, wanakwenda hospitali ya Humber River, iliyofunguliwa hapo Oktoba 2015. Ukielekea Bathurst utapita maduka ya Wafilipino na masinagogi. Ukielekea Jane utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Mombasa, na cha Wasomali waliopitia Nairobi. Wote hao huugua. Mimi huwakalimania katika hospitali na zahanati mbalimbali za jiji, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kabla ya kubishana kuhusu dini, jua sheria inamhesabu mgonjwa yu hai au maiti.

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi ya Hassan Rasouli, Mshia kutoka Iran aliyelazwa Sunnybrook hapa Toronto. Madaktari waliona mashine ya kupumulia haimfai kitu tena. Mkewe, ambaye kwao naye alikuwa daktari, akakataa izimwe. Mahakama ikasema kuiondoa mashine nako ni matibabu, na matibabu hayafanywi bila ridhaa. Madaktari wasipoafikiana na familia, waende mbele ya Bodi ya Ridhaa na Uwezo, wasijiamulie.

Septemba 2017 ikazuka kesi ya Ouanounou, hapa hapa Humber River. Kijana Myahudi wa miaka 25 alibanwa na pumu, na baada ya siku chache madaktari wakathibitisha kwamba ubongo wake umekufa. Kwa vipimo vya tiba vya Kanada, huyo ni marehemu, na marehemu hana matibabu ya kuombewa ridhaa. Familia yake, watu washika dini, ilisema mtu hafi mpaka moyo na pumzi visimame. Mahakama iliamuru mashine ziachwe huku shauri likiendelea, na Machi 2018 moyo ukasimama wenyewe. Jimbo la New Jersey, Marekani, lina sheria tangu 1991 inayomkinga mtu wa imani kama hiyo asitangazwe amekufa kwa kipimo cha ubongo peke yake. Jimbo letu la Ontario halina.

Kwa hiyo familia mbili zinaweza kusimama mbele ya mashine ya aina moja, moja ina haki ya kukataa na nyingine haina, na tofauti yao ni neno moja kwenye faili. Ukiwa mkalimani, neno hilo hulitamki kwa haraka.

2. Jina la dini halikupi msimamo wa mgonjwa.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikubali kifo cha ubongo katika kikao chake cha Amman, Oktoba 1986. Mwaka huohuo Baraza Kuu la Marabi wa Israeli nalo likakubali, kwa masharti yake. Hata hivyo marabi hawajaacha kubishana, wala maulamaa. Nimekalimania familia iliyomsikiliza ustadhi wa msikiti wao wa mtaani, na nyingine iliyopuuza kila aliyekuwamo chumbani ikamngoja ami yao aliyeko Muscat apige simu. Wote Masunni, wote wa pwani moja. Ndiyo maana hunikera daktari anapokuja na karatasi yenye kichwa “Waislamu huamini”, ameikunja mfukoni kama risiti. Amuulize aliye mbele yake.

3. Sheria hutaka kinywa kimoja. Sisi huja na ukoo.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Sheria ya ridhaa ya matibabu ya Ontario, ya mwaka 1996, ina orodha ya nani ataamua mgonjwa asipojiweza. Kama hakuna mlezi wa kisheria wala mtu aliyeandikwa kwa hati, anaanza mume au mke. Kisha mtoto au mzazi. Kisha kaka na dada. Kisha jamaa wengine. Mjomba, ambaye kwetu ndiye angekaa kiti cha mbele, yuko mkiani.

Nilikaa na bibi arusi wa juzi, mumewe yuko ICU, simu mkononi, shemeji yake akiwa Mombasa: “Shemeji, usitie sahihi chochote mpaka tufike.” Wasingefika, viza haitoki kwa siku mbili. Daktari alimgeukia yeye na yeye aliigeukia simu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alifanya jambo la maana: aliomba simu iwekwe spika, akamwacha kila mtu aseme, kisha akamuuliza mke, mbele ya masikio yote, yeye amesikia nini. Shemeji alitulia pale alipoona amesikilizwa, ingawa uamuzi haukuwa wake.

Watoto wakiwa wa daraja moja na wasipatane, ofisi ya serikali ya mlezi wa umma huamua badala yao. Hili nikilitafsiri, chumba kizima hunyamaza. Ghafla ndugu waliokuwa hawasalimiani hupatana.

Tena swali lenyewe si “Unataka tufanye nini?” Kisheria anayeamua anatakiwa kufuata alichokitaka mgonjwa alipokuwa na akili zake, na kama hakijulikani, atazame maslahi yake, pamoja na imani na maadili aliyoyashika. Madaktari wengi hulikatisha swali hilo likatoka kana kwamba mke anaombwa amuue mumewe. Mimi siongezi neno la kwangu, lakini huwaomba walirudie lote.

4. “Usimwambie mama” si lazima iwe njama.

Watoto hunivuta koridoni: mama ana kansa, akijua atakata tamaa, wewe tafsiri nusunusu tu. Siwezi. Ninachotamkiwa ndicho ninachokitamka. Sheria za Kanada ziko upande wa mgonjwa kujua. Katika kesi ya Reibl dhidi ya Hughes, mwaka 1980, Mahakama ya Juu ilisema daktari lazima aeleze hatari ambazo mtu wa kawaida aliye katika hali ya mgonjwa huyo angetaka kuzijua.

Lakini muuguzi mmoja, mtu mzima wa makamo, alinionyesha njia ambayo watoto hawakuifikiria wala madaktari. Alimuuliza mama mwenyewe, kabla ya majibu ya vipimo: habari zikija, ungependa uambiwe wewe au tuzungumze na mtu mwingine? Mama, mwenyeji wa Tanga, alijibu bila kusita: “Mwambieni binti yangu. Mimi nimesikia ya kutosha katika dunia hii.” Basi hiyo nayo ni hiari. Wapo wengine, na si wachache, waliojibu kinyume kabisa huku wanao wakitazama chini.

5. Kadi iliyomo mkobani inaweza kuwashinda wote.

Wakongomani kadhaa ninaowakalimania ni Mashahidi wa Yehova, na kila mmoja hubeba kadi ya kukataa kuongezwa damu. Nguvu ya kadi hiyo katika Ontario inatokana na kesi ya Malette dhidi ya Shulman. Mwaka 1979 mwanamke aliyepata ajali ya gari alifikishwa hospitali ya Kirkland Lake akiwa hajitambui; mkobani mlikuwa na kadi yake. Daktari aliiona, akamwongeza damu hata hivyo. Mama akapona, akashtaki, akapewa dola 20,000, na mwaka 1990 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono. Kulipwa na aliyekuokoa! Wakalimani wenzangu wengine hawajaimeza kesi hii mpaka leo. Mimi naiona ya haki: alikuwa ameshasema, na daktari alijua.

6. Mwezi wa Ramadhani, muulizeni mgonjwa wa kisukari kama anafunga kabla ya kumwandikia dozi. Kurani imemruhusu mgonjwa kula. Wazee wetu wanalijua hilo, na hufunga.

7. Mofini inaogopwa kuliko ugonjwa.

Tangu Juni 2016 sheria ya Kanada inaruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa, kwa masharti. Sijawahi kumsikia mzee wetu hata mmoja akiomba. Madhara niliyoyaona yamekuja kwa mlango wa nyuma: wakisikia “timu ya tiba shufaa inakuja”, yaani ya kutuliza maumivu, hudhani ndio wale wa kumsaidia mtu kufa. Mzee mmoja alistahimili maumivu ya mifupa usiku kucha akikataa mofini, akiamini ni ile sindano.

Aliyemtuliza alikuwa muuguzi Mganda. Alimweleza kwamba kwao mofini ya kunywa hutengenezwa nchini, na kwamba Hospice Africa, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, imewapelekea wagonjwa wa kansa dawa hiyo mpaka majumbani, katika nchi ambayo haina sheria ya kumsaidia mtu kufa. Mzee akauliza kama ni chungu. Akaambiwa ndiyo, kidogo. Akanywa.

8. Karatasi ijazwe wakati watu wote wanacheka.

Hati ya kumteua atakayekuamulia matibabu haihitaji wakili Ontario. Fomu ya serikali ni ya bure. Inahitaji mashahidi wawili, ambao hawawezi kuwa mwenzi wako, mtoto wako, wala huyo unayemteua. Hilo huwapa shida watu wetu, maana hao ndio wanaojaa nyumbani. Mzee mmoja wa Lamu, jirani yangu wa ghorofa ya juu, alishuhudiwa na Mfilipino wa mlango wa pili na Mjamaika anayefanya naye mazoezi ya kutembea pale Downsview Park. Mimi nilimsomea kila kipengele kwa Kiswahili, naye alinikatiza kila mara kwa maswali, hasa kuhusu mashine. Kwenye nafasi ya jina alimwandika binti yake wa pili, anayeuza nguo Scarborough. Wanawe wa kiume wanne bado hawajaambiwa, na Eid wote wanakuja kwake kula.